Stabilaiza ya gari: maana yake, kazi yake, na kinachotokea inapobadilishwa

Stabilaiza ni nondo ya chuma cha springi inayopita chini ya gari kutoka upande wa kushoto hadi wa kulia, ikiyaunganisha magurudumu mawili ya mbele au mawili ya nyuma ili gari lisilale mno linapoingia kwenye kona. Katikati nondo hii hushikwa kwenye fremu na bushi mbili za mpira zilizobanwa kwa vyuma na bolti, nayo inaweza kuzunguka ndani ya bushi hizo. Ncha zake zimepindwa zikawa mfano wa mikono, na katika magari mengi ya siku hizi kila mkono huungwa na upande wake wa gurudumu kwa kijiti kifupi chenye kifundo juu na chini, ambacho kwenye gereji zetu huitwa linki. Hataza ya kwanza ya kifaa hiki alipewa Mkanada Stephen Coleman wa Fredericton mwaka 1919, na kanuni inayokiendesha hadi leo ni ileile. Magari mengi madogo yanayoletwa Zanzibar kutoka Japani huwa na stabilaiza ya mbele, na baadhi yana ya pili nyuma.

Kanuni yenyewe ni kusokotwa kwa chuma. Gari linapopanda tuta kwa magurudumu yote mawili ya mbele kwa pamoja, kama ilivyo kwenye matuta ya barabara ya Jozani yaliyowekwa ili kuwalinda kima punju wanaovuka, mikono yote miwili ya stabilaiza hunyanyuka sawasawa, nondo huzunguka tu ndani ya bushi zake, na ugumu wa springi haubadiliki hata kidogo. Kwenye kona hali ni nyingine. Bodi huelemea upande wa nje, springi za upande huo hugandamizwa na za upande wa ndani hufunguka, mkono mmoja husukumwa juu ilhali wa pili unavutwa chini, na nondo husokotwa kama kanga inayokamuliwa. Chuma cha springi hukataa kusokotwa, na ukinzani huo ndio unaoizuia bodi isizidi kulala. Kwa maneno mengine, stabilaiza ni springi inayofanya kazi pale tu magurudumu ya pande mbili yanapotofautiana kimo, na kwa sababu hiyo mtengenezaji anaweza kulipa gari springi laini kwa ajili ya starehe ya abiria bila ya kuliacha liyumbe ovyo.

Imani iliyoenea ni kwamba stabilaiza nene huongeza mshiko wa matairi barabarani. Kwa yenyewe haiongezi, na jambo hili linastahili kuelezwa kwa hesabu. Tuchukue gari la abiria lenye kimo kirefu, uzito wa kilo 1,400, kitovu cha uzito (mahali ambapo uzito wote wa gari ni kama umekusanyika) kilicho sentimita 60 kutoka chini, na upana wa sentimita 145 baina ya tairi la kushoto na la kulia. Likipita kona yenye nusu kipenyo cha mita 30 kwa mwendo wa karibu kilomita 40 kwa saa, takriban kilo 230 za mzigo huhama kutoka kwenye matairi ya upande wa ndani wa kona kwenda kwenye matairi ya upande wa nje. Kiasi hicho hutokana na uzito, kimo cha kitovu chake, upana wa gari, mwendo na ukali wa kona. Stabilaiza haimo katika hesabu hiyo, isipokuwa kwa kiasi kidogo tu kinachotokana na bodi kujongea nje inapolala. Mwenye gari anaweza kufunga nondo nene kuliko zote zilizoko dukani, na zile kilo 230 zitahama vilevile.

Hesabu hiyohiyo inaonyesha jambo linalowahusu zaidi madereva wa gari za shamba. Tukiweka kilo 100 za magunia na matenga juu ya paa la gari hilo, kiasi cha mita 2 kutoka chini, kitovu cha uzito hupanda hadi karibu sentimita 70, na mzigo unaohama kwenye kona ileile, kwa mwendo uleule, hufika karibu kilo 290. Uzito wa gari umeongezeka kwa chini ya sehemu moja kati ya kumi na mbili lakini uelemeaji, yaani mzigo unaohama, umeongezeka kwa karibu robo. Dereva anayelalamika kwamba gari lake linalala sana ajiulize kwanza amepakia nini juu, kabla ya kuulizia bei ya stabilaiza.

Kinachoamuliwa na stabilaiza ni mgawanyo: katika ule mzigo unaohama, mbele ibebe kiasi gani na nyuma ibebe kiasi gani. Umuhimu wa mgawanyo huu unatokana na tabia moja ya tairi, kwamba mshiko wake hauongezeki sambamba na mzigo wake. Tairi lililobeba kilo 600 halishiki mara mbili ya tairi lililobeba kilo 300. Linashika pungufu kidogo ya hapo. Kwa hivyo matairi mawili yaliyobeba kilo 350 kila moja yana mshiko mkubwa kuliko jozi iliyobeba 500 upande mmoja na 200 upande wa pili, ingawa jumla ni ileile. Ukifunga stabilaiza nene mbele, mbele itachukua sehemu kubwa zaidi ya uelemeaji, jozi ya mbele itapoteza mshiko kidogo na jozi ya nyuma itaupata. Gari litakuwa na tabia ya kutaka kwenda moja kwa moja hata usukani ukiwa umekatwa. Ukifunga nene nyuma, kinyume chake hutokea: pua hugeuka kwa wepesi, lakini mkia nao huwa mwepesi wa kutoka.

Magari mengi yanayoendeshwa na magurudumu ya mbele yana uzito mwingi mbele, na watengenezaji huyaacha makusudi yawe na tabia ya pua kutoka nje, kwa sababu dereva wa kawaida akishtuka hupunguza mafuta, na kwa kupunguza mafuta pua hurudi kwenye njia yake. Wanaopenda kuendesha kwa kasi huiona tabia hiyo kuwa ni gari kuwa zito kugeuka, na dawa yao ya kwanza ni stabilaiza nene ya nyuma. Katika uwanja wa mashindano dawa hiyo ina mantiki. Katika barabara zetu za wakati wa masika, pale mvua ya kwanza inapochanganyika na mafuta na vumbi juu ya lami, mimi siipendekezi kwa mtu yeyote anayebeba familia yake, kwa kuwa mkia ukishatoka huhitaji mkono uliozoea kuurudisha, na nafasi ya kuurudishia katika barabara nyembamba zenye minazi na mitaro kando yake ni ndogo mno.

Lipo hata hivyo jambo moja ambalo stabilaiza nzuri hulisaidia moja kwa moja. Katika magari ambayo shokapu ndiyo nguzo ya gurudumu, bodi inapolala gurudumu nalo hulala, na tairi la nje husimamia ukingo wake badala ya uso wake wote. Nondo inayopunguza kulala huliacha tairi hilo likae wima zaidi, na katika baadhi ya magari faida hiyo hushinda hasara ya mgawanyo iliyotajwa hapo juu. Ndiyo maana haiwezekani kutoa hukumu moja kwa magari yote.

Unene wa nondo una nguvu kubwa kuliko macho yanavyokadiria. Ugumu wake huongezeka kwa kipenyo kilichozidishwa chenyewe mara nne. Ukitoka milimita 20 kwenda milimita 22, tofauti ambayo ni shida kuitambua kwa kuangalia, ugumu huongezeka kwa asilimia 46. Ukifika milimita 24 unapita maradufu. Kwa sababu hiyohiyo, sehemu ya ndani kabisa ya nondo haina mchango mkubwa, na nondo yenye tundu la milimita 16 ndani ya kipenyo cha milimita 24 hupoteza karibu asilimia 20 tu ya ugumu wake huku ikipungua uzito kwa asilimia 44. Anayenunua stabilaiza ya mtumba kutoka gari jingine na apime unene wake kwa kalipa (kipimo chenye taya mbili), na aangalie pia urefu wa mikono, kwani mkono mfupi huifanya nondo ileile iwe ngumu zaidi.

Ugumu huo una gharama yake, na visiwani gharama hiyo huonekana mapema. Stabilaiza inaunganisha magurudumu mawili, kwa hivyo shimo linaloingiwa na gurudumu la kushoto hupelekwa pia upande wa kulia. Kwenye lami nzuri hilo halisumbui. Kwenye njia za kifusi na mawe ya matumbawe zinazoingia vijijini, ambako gurudumu moja huwa juu ya jiwe na jingine ndani ya shimo karibu muda wote, nondo nene humfanya abiria arushwe kichwa kushoto na kulia, na inaweza hata kuliinua tairi lisiguse ardhi. Mtu anayeishi mjini na safari zake ni za lami anaweza kustahimili nondo iliyozidi kidogo ile ya asili. Anayekwenda vijijini kila siku kwa njia ya mawe atajuta.

Springi na shokapu zina kazi zao, ambazo mara nyingi huchanganywa na ya stabilaiza. Springi ndiyo inayobeba uzito na kuamua kimo cha gari. Shokapu haibebi uzito kwa kiasi cha kutajwa. Inapunguza kasi ya mwendo wa springi, ili gari likishuka kwenye shimo lisiendelee kudunda. Katika kona, springi na stabilaiza huamua gari lilale kiasi gani, na shokapu huamua lilale kwa haraka gani. Tofauti hii husikika vizuri katika kona zinazofuatana, kama zilivyo nyingi katika vilima vya Pemba baina ya Chake Chake na Wete: gari lenye shokapu zilizokufa halijamaliza kulala kushoto na tayari linatakiwa lilale kulia, na hapo ndipo abiria hutapika na dereva hupigana na usukani. Nondo nene haiponyi ugonjwa huo.

Ushauri wangu, kwa hivyo, ni kwamba mtu aanze na kilichochakaa. Gari lililokuwa na umri wa miaka kumi au zaidi liliposhushwa hapa, kisha likaendeshwa karibu na bahari miaka mingine, bushi zake mara nyingi zimekwisha kazi hata kama stabilaiza yenyewe ni nzima. Ingia chini ya gari uangalie. Bushi nzima imeikumbatia nondo pande zote. Iliyokwisha huonyesha mwanya kama wa mwezi mwandamo kati ya mpira na chuma, na nondo ndani yake imelika ikang'aa mahali inapogonga, huku pembezoni mwa kibano kutu imevimba magamba. Kwenye linki, angalia kifuniko cha mpira cha kifundo. Kikichanika, grisi hutoka na mchanga huingia, na ukikamata linki kwa mkono na kuitikisa gari likiwa chini, kifundo hugonga. Mlio huo mkavu wa kugonga mbele, unaosikika kwenye barabara ya mashimo kwa mwendo mdogo na kupotea kwenye lami, aghalabu ni wa linki.

Hapa kuna desturi moja inayonisikitisha. Fundi huulizwa kuhusu mlio huo, hufungua linki zote mbili, huzitupa, na gari hurudishwa kwa mwenyewe likiwa kimya. Ukimya huo ni wa kweli, lakini stabilaiza sasa inaning'inia bila ya kazi, gari limepoteza sehemu kubwa ya kinga yake dhidi ya kulala, na mwenyewe hajaambiwa. Tofauti ataiona siku atakayolazimika kumkwepa mpanda baiskeli kwa ghafla. Linki ni miongoni mwa vipuri vya bei nafuu katika mfumo mzima wa chini ya gari, na hakuna sababu ya kuziacha.

Desturi nyingine ni ya kulinyanyua gari kwa kuweka spesa (kipande cha kuongeza kimo) juu ya springi ili lisiguse matuta. Haja yake inaeleweka. Lakini kila sentimita inayoongezwa hupandisha kitovu cha uzito, na mikono ya stabilaiza hubaki imeinama kwa pembe ambayo haikukusudiwa, hata linki ikawa inavutwa muda wote. Anayenyanyua gari anahitaji linki ndefu zaidi zinazorudisha pembe hiyo, pamoja na alaimenti mpya, yaani kupangwa upya kwa pembe za magurudumu. Kushusha gari nako kuna kikomo: springi fupi hupunguza kulala kwa sababu kitovu cha uzito kimeshuka, lakini nafasi ya kupanda na kushuka kwa gurudumu hupungua, na likifika mwisho wa nafasi hiyo katikati ya kona, upande huo hukakamaa ghafla na tairi hupoteza mshiko.

Wapo wanaobadilisha bushi za mpira kwa za poliyurethani. Hizi ni ngumu zaidi, hivyo nondo huanza kufanya kazi mapema bila ya kungoja mpira ubonyee kwanza, na kwa gari la kawaida mabadiliko haya pekee huweza kutosha. Zinahitaji grisi ya silikoni inayokuja nazo au ya aina hiyo. Zisipopakwa hulia kila gari linapopita tuta.

Katika kufunga, bolti za vibano hukazwa polepole kwa zamu, kushoto na kulia, ili nondo isikae upande. Linki hufungwa magurudumu yote mawili yakiwa kwa kimo kimoja, ama yote yameninginia au yote yamebeba uzito, kwa sababu upande mmoja ukiwa juu ya jeki na mwingine chini, itabidi nondo isokotwe kwanza, na bolti ya linki haitaingia kwenye tundu lake bila ya kulazimishwa. Baada ya wiki ya kwanza ya kuendesha, nati zote zikaguliwe tena kwa spana, hasa kwa gari linalopita njia za mawe.