Kwa nini mtoto anayechemka hutetemeka kwa baridi?

Ilikuwa Julai, Moshi, saa nane za usiku. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu, tumbo linaunguza, lakini viganja na nyayo baridi kama maji ya bomba, na mwili mzima unatetemeka. Kipimajoto cha kwapani kilisoma nyuzi 39.4. Mimi nimeshika taulo ya maji baridi, bibi yake yuko nyuma yangu na blanketi la pili. Wote wawili tulikosea, ila mimi zaidi, kwa sababu niliamini namba.

Aliyewahi kufuga kuku ataelewa haraka. Mashine ya kutotolesha vifaranga ina kitufe cha joto, na huwekwa karibu na nyuzi 37.5, jirani kabisa na joto la mwanadamu. Ubongo nao una kitufe chake. Vijidudu vikiingia, chembe za kinga hupeleka ujumbe, kemikali iitwayo prostaglandini huongezeka, na kitufe kinazungushwa hadi 39, tuseme. Mwili ulio kwenye 37 sasa unajiona uko chini ya kiwango. Kwa hiyo mtoto anasikia baridi ya kweli, hajifanyi. Mishipa ya ngozi hujibana ili joto lisitoke (ndiyo ile mikono ya barafu), na misuli hutetemeka ili lizalishwe jingine.

Taulo langu, basi, lilikuwa sawa na kufungua mlango wa mashine: hita inawaka kwa nguvu zaidi. Blanketi la pili nalo linaziba njia ya joto kutoka baadaye. Shuka moja jepesi linatosha. Paracetamol ndiyo inayogusa kitufe chenyewe, kwa kupunguza prostaglandini, ikitolewa kwa uzito wa mtoto. Lakini haiui kijidudu hata kimoja. Jasho likimtoka tunasema amepona, kumbe kitufe kimerudi tu.

Sasa ile namba. Niliamini kwamba 40 inachemsha ubongo na 38 ni ya kusubiri. Homa ya maambukizi kwa kawaida haifiki 42, maana kitufe kina mwisho wake. Mtoto aliyefungiwa ndani ya gari juani ni habari nyingine. Mwenye 40 anaweza kuwa anadai uji, na mwenye 38 akawa hoi. Kwamba homa yenyewe inasaidia kupigana na vijidudu kumeonekana vizuri kwa wanyama. Kwa binadamu ushahidi ni mwembamba kuliko tunavyojigamba.

Namba hutawala kwa wachanga. Chini ya miezi 3, nyuzi 38 ni hospitali usiku huohuo, hata kama ananyonya. Miezi 3 hadi 6, nyuzi 39. Na kichanga mgonjwa sana anaweza hata kuwa wa baridi kupita kiasi.

Kwa wengine, mtazame mtoto. Hanywi wala hanyonyi, anatapika kila kitu, analegea au haamki vizuri, mbavu zinabonyea akivuta pumzi, shingo imekakamaa, utosi umevimba: usisubiri kuche. Vipele visivyofifia ukivibonyeza ni hivyohivyo. Kwenye ngozi nyeusi chungulia viganja na nyayo. Degedege pia. Mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni, kisha hospitali, kwa sababu nyuma yake huenda kuna malaria kali au homa ya uti wa mgongo. Wazee wanaosema mwenye degedege asichomwe sindano, waheshimu, lakini usiwasikilize.

Asiye na dalili hizo apimwe malaria ndani ya saa 24. Nasema apimwe, si akisiwe. Mwaka 2007 na 2008 watafiti waliwafuatilia wagonjwa 870, watoto na watu wazima, waliolazwa kwa homa katika hospitali mbili hapa Moshi. Waliodhaniwa kuwa na malaria walikuwa 528. Waliokuwa nayo kweli: 14. Wengine walikuwa na maambukizi ya bakteria kwenye damu, na hata magonjwa yatokayo kwa mifugo na panya.

Wa kwetu usiku ule alilia kwa nguvu zote, akalitupa taulo, akaomba maji, akanywa kikombe kizima. Asubuhi kipimo cha malaria kikatoka hasi. Lilikuwa sikio la kushoto.