Maana ya mnyama adimu, kabla hujatuma pesa

Mnyama adimu, katika michezo ya kufuga wanyama kwenye simu, ni yule ambaye mchezo hautoi tena, au unatoa kwa shida, huku wanaomtaka wakiwa wengi kuliko wanyama waliopo. Maana imekwisha hapo. Nimeitanguliza ili mwenye haraka aondoke nayo. Yanayofuata ni ugomvi wangu na namna neno hili linavyotumiwa hapa Lubumbashi, kuanzia Bel-Air hadi Katuba, kila mtoto anapopata megabaiti za kuingia mchezoni na kila muuzaji anapopata kikundi kipya cha WhatsApp.

Mambo huenda hivi. Tangazo linakuja na picha ya mnyama anayeng'aa, neno "rare", yaani adimu, limeandikwa kwa herufi kubwa, bei iko kwa dola. Kijana anamkimbilia kaka yake: "Yaya, ile nyama iko rare, tukikawia bataiuzia bengine." Yaya ana kiasi kidogo kwenye M-Pesa na mchezo haujui. Anauliza swali moja tu, kama kweli ni rare. Kijana anaapa kuwa kweli. Anafungua mchezo, anamwonyesha mnyama wa aina hiyohiyo, na neno lipo chini ya jina lake. Pesa zinaondoka.

Hapo hakuna aliyesema uongo, na ndiyo maana jambo hili linaudhi.

Mchezo unaozungumzwa mara nyingi ni Adopt Me, uliomo ndani ya Roblox, jukwaa la michezo mingi ya mtandaoni. Ulianza 2017, wanyama wakaingizwa 2019, na tangu hapo wanyama ndio mchezo wenyewe. Kila mnyama amepewa daraja moja kati ya matano. Watoto wa hapa huyataja kwa Kifaransa, mimi nitayaandika kwa Kiswahili: Kawaida, Si Kawaida, Adimu, Adimu Sana, na Lejendari. Hesabu mwenyewe. "Adimu" ni la tatu, katikati kabisa, na juu yake yapo mawili. Muuzaji anayeandika "rare" chini ya mnyama wa daraja la tatu amenakili kilichoandikwa mchezoni, neno kwa neno. Yaya aliyelipa alidhani anaambiwa kwamba mnyama huyu hapatikani. Mmoja alisoma kibandiko, mwingine akasikia habari ya uhaba.

Ili kuona kibandiko hiki kimetoka wapi, turudi nyuma ya simu, kwenye karatasi. Mwaka 1993 mwanahisabati Mmarekani Richard Garfield alitoa mchezo wa kadi uitwao Magic: The Gathering. Kadi ziliuzwa ndani ya pakiti zilizofungwa, kadi 15 kwa pakiti, na mnunuzi hakujua atakuta nini. Kwa utaratibu wa wakati ule, pakiti ilikuwa na kadi 11 za kawaida, 3 zisizo za kawaida na 1 adimu. Kiwandani, kadi hizo zilichapwa kwenye karatasi kubwa zenye nafasi ya kadi 121, na kila daraja lilikuwa na karatasi zake. Kwa hiyo mtu wa 1993 aliyesema kadi yake ni adimu alikuwa anaeleza kazi ya mashine ya kuchapa: kadi hii imetoka chache, ile imetoka nyingi. Daraja na uhaba vilikuwa kitu kimoja, kwa kuwa karatasi ikishachapwa imechapwa. Hakuna wa kuamka asubuhi na kubadilisha idadi.

Hata huko, kibandiko hakikudumu na uzito wake. Kufikia 2008 wenye mchezo waliona "adimu" peke yake haitoshi, wakaweka daraja jipya juu yake, la kadi inayopatikana takriban mara moja katika kila pakiti nane. Kadi zilizokuwa kileleni zikajikuta zimeshuka ngazi bila kuguswa na mtu.

Michezo ya kompyuta ilichukua majina hayo ikaacha karatasi. Ilibaki na rangi na bahati: upanga wa rangi fulani huanguka kwa nadra, wa rangi nyingine huanguka kila saa. Baadaye yakaja mayai, ambayo mchezaji huyaangua bila kujua atatoka mnyama gani. Katika Adopt Me, Yai la Kifalme lilikuwa na nafasi 8 kati ya 100 ya kutoa mnyama wa Lejendari. Daraja hapo linakueleza bahati ya anayeangua yai lile, siku ile. Linakueleza pia kazi ya kulea, maana mnyama wa daraja la juu anadai shughuli nyingi zaidi mpaka akue. Haya ni maelezo ya kweli na yana faida. Lakini hayasemi wapo wangapi. Yai likiendelea kuuzwa kwa miaka, na watu wakiangua kila siku, hao wanane katika kila mia wanajaza dunia. Farasi wa pembe moja ni Lejendari, ametoka kwenye mayai hayo kwa miaka mingi, na ukimpeleka kwa wanaobadilishana kwa bidii watakuomba umwongezee kitu.

Sasa mwangalie Joka la Kivuli, ambalo karibu kila mtoto analiota. Liliuzwa kwenye sherehe za Halloween za 2019 kwa Robux 1,000, yaani pesa za ndani ya Roblox. Halikuangulika popote, wala bahati haikuhusika: mwenye Robux alilipa akapewa, hata kama walikuwa mia kwenye foleni. Siku ya kwanza lilikuwa Lejendari kwa kibandiko, nalo lilikuwa rahisi kulipata kama mkate dukani. Uadimu wake ulianza siku duka lilipofungwa. Toka hapo hesabu ni ya kupungua tu: akaunti zinasahauliwa nywila, watoto wanakua na kuacha mchezo, wengine wanafungiwa. Kibandiko ni kilekile cha 2019. Kilichobadilika hakiandikwi chini ya jina la mnyama.

Mbwa wa Bluu ananifurahisha zaidi, kwa sababu anavunja hoja ya kila muuzaji. Alitoka kwenye Yai la Bluu, lililouzwa kwa muda mfupi mwaka 2019. Daraja lake ni Si Kawaida, la pili kutoka chini. Kwa kibandiko, yuko chini ya yule "rare" wa kwenye tangazo. Ila hauzwi tena, na wenye naye wanajua wanachoshika, kwa hiyo anabadilishwa na Lejendari kadhaa bila mwenyewe kuona haya. Ukimwonyesha kijana wetu mbwa huyu bila kumweleza, atakwambia hana maana, kwa sababu amesoma daraja.

Kuna na jambo la kuunganisha. Wanyama wanne wa aina moja waliokua kabisa huunganishwa kuwa mmoja anayeng'aa, aitwaye neon. Neon wanne wa aina hiyo, nao wakikua, huwa mega. Mega mmoja amekula wanyama 16, na hao 16 hawarudi. Kwa mnyama ambaye mchezo bado unamtoa, hiyo ni kazi tu ya kulea. Kwa ambaye alishakoma kutolewa, kila mega anayetengenezwa anawapunguza waliobaki. Daraja halitikisiki, mega wa Kawaida ni Kawaida. Ndiyo maana mtu anayeandika "mega rare" anaweza kuwa anataja vitu viwili vilivyowekwa kando kwa kando, mega kama hali ya mnyama na rare kama daraja la tatu. Msomaji anaunganisha maneno anasikia "adimu mno".

Sisi watu wa huku tulipaswa kuwa wa mwisho kuchanganya mambo haya. Anayepeleka madini kwa mnunuzi anajua mashine itasoma teneur, yaani kiasi cha madini kilichomo ndani ya jiwe, na teneur ni habari ya jiwe. Bei ni habari ya soko. Februari 2025 serikali iliposimamisha kobalti isitoke nje ya nchi, bei ya dunia ilipanda, na hakuna jiwe hata moja lililobadilika ndani ya gunia. Hakuna mchimbaji anayesema "teneur imepanda" akimaanisha bei. Daraja la mnyama ni teneur yake. Watoto wa watu hawa hawa, wakishika simu, wanasahau.

Mahitaji nayo yana akili zao. Wanyama wawili waliokoma siku moja, kutoka yai moja, hawalingani thamani kama mmoja anapendeza machoni na mwingine ana sura ya kuchosha. Mnyama aliyenyweshwa dawa ya kuruka au ya kupandwa anathaminiwa tofauti na ambaye hakunyweshwa. Orodha za thamani zinazozunguka kwenye intaneti hutengenezwa na wachezaji wenyewe, zinakadiria hayo yote, na hupishana. Zisome kama unavyouliza bei kwa wachuuzi watatu sokoni kabla ya kufungua pochi. Muuzaji anayekutumia picha ya orodha moja tu ameichagua.

Neno "kununua" nalo ningelisahihisha, ila nitalipitia kwa haraka. Kanuni za Roblox hazikupi umiliki wa mnyama. Zinakupa ruhusa ya kumtumia ndani ya akaunti yako. Kumuuza kwa pesa halisi nje ya mfumo wao kumekatazwa, na akaunti inaweza kufungwa pamoja na kila kilichomo, ya muuzaji na ya mnunuzi. Njia isiyo na matata ni kununua Robux kwa njia rasmi, kutumia vinavyouzwa ndani ya mchezo, kisha kubadilishana mnyama kwa mnyama. Dirisha la kubadilishana limetengenezwa kwa ajili hiyo: kila upande unaweka chake, wote wanakubali, kisha wanathibitisha tena baada ya kuangalia. Kwa wanyama wa madaraja mawili ya juu, mchezo unadai kwanza upate leseni ya kubadilishana kwa kujibu mtihani mfupi, na mtihani wenyewe unahusu matapeli.

Dola zako haziingii kwenye dirisha hilo. Zinapita kwenye simu, upande mwingine kabisa, kwa hiyo lazima mmoja atangulie kutoa akimwamini mwenzake. Mara ya kwanza anayetangulia huwa ni wewe. Na mtu anayekwambia umkabidhi mnyama wako "kwa kuaminiana", kwamba atakurudishia akiwa bora zaidi, huyo hahitaji kuelezwa maana na makala yoyote.

Kuna pia wanyama wa nakala, waliozalishwa kwa kasoro ya programu, na wanyama waliotolewa kwenye akaunti za kuibiwa. Kwa macho hawatofautiani na wengine. Bei ya chini mno kwa mnyama aliyekoma zamani huwa ina sababu.

Basi, kwa yaya mwenye simu mkononi: acha kuuliza kama ni rare, maana jibu litakuwa ndiyo na litakuwa kweli. Uliza jina kamili la mnyama. Uliza kama mchezo bado unamtoa, au lini ulikoma kumtoa. Hayo mawili yanathibitishika bila muuzaji. Ukigundua bado yumo kwenye yai linaloangulika leo, mdogo wako anaweza kumpata kwa kucheza, japo itachukua siku.

Na kwa kijana, kwa upole kabisa: hukukosea kusoma. Ukiona neno lile chini ya picha, sema "daraja lake ni Adimu", kama mtu anavyosema mtoto yuko darasa la tatu. Hilo ni sahihi na hakuna atakayekubishia. "Mnyama adimu" useme ukishajua alikoma lini.