Kusoma Kiayalandi Ukiwa Mbali na Ayalandi: Anzia Mwanzo wa Neno

Wengi wanaojifunza Kiayalandi nje ya Ayalandi hukwama mahali pamoja. Wanakutana na neno katika shairi, wanalitafuta kwenye kamusi, hawalioni. Kamusi haina kosa: neno limebadilika mwanzoni, nayo huorodhesha umbo la msingi tu. Msomaji wa Kiswahili ameshazoea jambo hili, maana anajua "walimpikia" hutafutwa kwenye P. Ila Kiayalandi hugeuza konsonanti yenyewe ya kwanza.

Mageuzi makubwa ni mawili. La kwanza huitwa séimhiú: herufi h huingia baada ya konsonanti ya kwanza na sauti hulainika. Bád ni mashua. Mashua yangu ni mo bhád, na hiyo bh hutamkwa v au w kutegemea lahaja. Sh na th zote huwa h. Fh haitamkwi kabisa. La pili ni urú: konsonanti mpya hukaa mbele ya ile ya asili na kuinyamazisha. Jozi zake ni saba, na ni vyema kuzikariri kwa mkupuo: mb, gc, nd, bhf, ng, bp, dt. Kwa hiyo i mbád, yaani ndani ya mashua, husikika kama neno linaloanza kwa m. Ng peke yake hutoa sauti ya tatu, si n wala g, ileile ya ng'ombe, ambayo wanafunzi wengi wa Ulaya huihangaikia mwanzoni mwa neno na sisi tunayo bure.

Usiyaone haya kuwa mapambo. A bhád ni mashua yake, mwanamume. A bád ni yake, mwanamke. A mbád ni yao. Kineno a ni kilekile mara zote tatu. Ukipuuza mwanzo wa nomino, hadithi nzima hutajua mashua ni ya nani.

Ukikutana na neno geni, tazama kwanza kama linaanza na bhf. Kama ndivyo, ondoa bh: bhfuinneog ni fuinneog, dirisha. Hatua hii itangulie, la sivyo utaondoa h peke yake na kubaki na bf, mwanzo usiokuwepo. Kisha angalia jozi nyingine na uondoe herufi ya kwanza. Kisha ondoa h iliyokaa nafasi ya pili. Ts hupoteza t (an tsráid ni sráid, mtaa), na mbele ya irabu ondoa t-, n-, h au d': an t-uisce ni uisce, maji, d'ól ni ól, kunywa. Maneno machache kama chuig, chomh, thar na cheana yameganda na h yake, nayo kamusi huyaweka hivyohivyo.

Kamusi ninayoipendekeza ni teanglann.ie. Ni ya bure, ina kamusi ya Ó Dónaill ya 1977, japo maelezo yake ni ya Kiingereza, na ina rekodi za matamshi ya majimbo ya Ulster (kaskazini), Connacht (magharibi) na Munster (kusini). Chagua lahaja moja na ushikamane nayo angalau mwaka wa kwanza. "Habari yako?" tu ina sura tatu: Cad é mar atá tú? kaskazini, Cén chaoi a bhfuil tú? magharibi, Conas taoi? kusini. Anayezichanganya mapema sikio lake halitulii popote. Sarufi sanifu ya 1958 ni ya maandishi, haikukusudiwa kuwa lahaja ya nne ya kuongea. RTÉ Raidió na Gaeltachta, redio ya Kiayalandi iliyoanza 1972, husikika kwa intaneti popote ulipo; sikiliza kipindi cha Barrscéalta kwa lahaja ya Donegal, kaskazini, au An Saol ó Dheas kwa ya Kerry, kusini. Dakika 15 kila siku zinajenga sikio kuliko saa mbili za Jumamosi.

Kwa fasihi, anza na ushairi. Pharaoh's Daughter ya Nuala Ní Dhomhnaill (1990) ina Kiayalandi na tafsiri ya Kiingereza zikitazamana, na lugha yake ni ya Munster. Soma beti mbili kwa sauti, vua mianzo ya maneno yote, ndipo utazame tafsiri.

Vitabu vya kabla ya miaka ya 1950 vina kikwazo kingine: vingi vilichapwa kwa herufi za kale, ambamo nukta juu ya konsonanti inasimama badala ya h, na tahajia yake ni ndefu. Oidhche leo ni oíche, usiku. Saoghal ni saol, maisha. Neno likikataa, jaribu kufuta dh au gh ya katikati.

Cré na Cille ya Máirtín Ó Cadhain (1949) iwekee akiba. Wanaozungumza wote ni marehemu makaburini Connemara, magharibi mwa Ayalandi, na hakuna msimulizi wa kukuambia nani amesema nini. Kila maiti hutambulika kwa msemo anaourudiarudia. Ni riwaya ya ajabu, na inamhitaji msomaji ambaye sikio lake limeshazoea Kiayalandi cha Connacht.