Neno "Mkataba" kwenye sheria: anzia kifungu cha Tafsiri

Watu wengi wakipata nakala ya sheria wanaruka kile kifungu cha mwanzoni kilichoandikwa "Tafsiri", kinachoeleza maana ya maneno yaliyotumika kwenye sheria, kinaonekana kama orodha ya maneno tu, wanakimbilia kwenye makosa na adhabu au kwenye ile haki wanayoitafuta. Mimi niko kwenye msaada wa kisheria na kwa kweli hicho kifungu ndo cha kusoma kwanza, hasa kama sheria inagusa mikataba ya kimataifa, maana mstari mmoja pale unaweza kuamua kama wewe umo au haumo.

Kwetu sisi tunaosoma kwa Kiswahili jambo hili ni zito zaidi. Neno letu ni moja: mkataba. Mkataba wa kupanga chumba, mkataba wa kazi, mkataba wa nchi mbili kuhusu mpaka, mkataba wa Umoja wa Mataifa wa nchi zaidi ya mia, vyote tunaita mkataba. Na toka Tanzania ilipobadilisha sheria mwaka 2021 ili lugha ya sheria iwe Kiswahili, hili sio suala la mtaani tena, mwandishi wa sheria asipofafanua neno hilo mwanzoni unaweza kukuta ukurasa mmoja una mkataba wa ajira na mkataba wa Shirika la Kazi Duniani na msomaji hajui kipi ni kipi.

Ndo maana utaona mtindo kama huu: "Mkataba" maana yake ni Mkataba Kuhusu Hadhi ya Wakimbizi uliofanyika Geneva tarehe 28 Julai 1951. Kuna jina, kuna mahali, kuna tarehe. Mtu anaweza kuona ni maneno mengi ya bure, lakini jaribu kusema "Mkataba wa Geneva" peke yake uone. Kuna minne ya tarehe 12 Agosti 1949 inayohusu vita, yaani majeruhi wa nchi kavu, wa baharini, mateka wa vita na raia, alafu kuna huu wa wakimbizi wa 1951, na watu wanaichanganya kila siku hadi kwenye barua wanazoandika maofisini. Tarehe ndo inatenganisha.

Sasa nikae hapo hapo kwenye wakimbizi kwa sababu ndo mfano unaofundisha kuliko yote ninayoijua. Mkataba wa 1951 ulivyoandikwa, mkimbizi ni mtu mwenye hofu yenye msingi ya kuteswa kwa ajili ya rangi yake, dini, utaifa, kundi la kijamii au msimamo wa kisiasa, ila kuna maneno yametangulia: kutokana na matukio ya kabla ya tarehe 1 Januari 1951. Waandishi walikuwa wanafikiria vita ya pili ya dunia, na nchi iliruhusiwa hata kusema sisi tunahesabu matukio ya Ulaya tu. Kwa maandishi hayo peke yake, Mrundi aliyekimbia 1972 hayumo, na wale zaidi ya laki mbili waliovuka kutoka Rwanda kuingia Ngara, Tanzania, mwishoni mwa Aprili 1994 hawamo pia. Iliyokuja kuondoa hilo sharti la tarehe ni Itifaki ya 1967, yaani makubaliano ya nyongeza yanayoambatana na Mkataba. Inasema tu kwamba nchi zitasoma tafsiri ile ile kana kwamba yale maneno ya kabla ya 1951 hayapo.

Na hapa kuna mtego hata kwa mawakili. Itifaki ya 1967 haikuufuta wala kuuandika upya Mkataba wa 1951, ni chombo kinachojitegemea, nchi inaweza kujiunga na kimoja ikaacha kingine. Marekani iliingia kwenye Itifaki mwaka 1968 na haijawahi kuwa mwanachama wa Mkataba wenyewe, Madagaska yenyewe iko kinyume, ina Mkataba haina Itifaki. Kwa hiyo sheria ikisema "Mkataba wa 1951" basi, bila kutaja Itifaki, imeacha mlango wa mtu kubishana. Sheria ya Uingereza ya 1993 kuhusu rufaa za wanaoomba hifadhi ya ukimbizi iliandika kabisa kwamba Mkataba ni ule wa tarehe 28 Julai 1951 pamoja na Itifaki yake. Kenya kwenye Sheria ya Wakimbizi ya 2021 ilienda njia nyingine, kifungu cha 3 kimeandika vigezo vyenyewe ndani ya sheria, pamoja na vile vya Mkataba wa OAU (Umoja wa Nchi Huru za Afrika) wa 1969 vya uvamizi kutoka nje na vurugu kubwa zinazovunja amani, hivyo mtu hahitaji kutafuta kitabu kingine. Mimi naipenda zaidi njia hii, mwananchi anasoma sehemu moja anaelewa.

Angalia pia kama mlango umefungwa au umeachwa wazi. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki uliosainiwa Arusha tarehe 30 Novemba 1999 unatafsiri nchi wanachama kuwa ni Uganda, Kenya na Tanzania na nchi nyingine yoyote itakayopewa uanachama. Hayo maneno ya mwisho ndo yalifanya Rwanda na Burundi 2007, Sudan Kusini 2016, Kongo 2022 na Somalia 2024 ziingie bila kuandika upya tafsiri. Vivyo hivyo ukiona "kama utakavyorekebishwa mara kwa mara" ujue sheria inaufuata mkataba unakokwenda, usipoona maneno hayo uliza ni toleo la mwaka gani.

Kitu kingine, mkataba kutajwa kwenye Tafsiri haimaanishi wote umeshakuwa sheria ya nchi. Kenya, Katiba ya 2010 ibara ya 2(6) inasema mkataba ulioridhiwa ni sehemu ya sheria za Kenya. Tanzania, Bunge linaridhia chini ya ibara ya 63(3)(e) lakini mahakamani mara nyingi utaulizwa ni sheria gani ya Bunge imeuingiza, kwa hiyo usisimame na mkataba mkononi tu, tafuta kifungu cha ndani kinachoubeba.

Mwisho ni suala la lugha. Mkataba wa 1951 nakala zake halali ni za Kiingereza na Kifaransa, Itifaki ni hizo mbili na Kichina, Kirusi na Kihispania. Kiswahili hakimo. Tafsiri yetu ya Kiswahili ni ya kutusaidia kuelewa, ila kesi ikifika kwenye neno moja lenye utata, mtu wako aombe nakala hizo zisomwe, na aje na zote mbili, Mkataba na Itifaki yake.