Jumba la plantesheni ni nini? Mfano wa Whitney, Louisiana

Kusini mwa Marekani, jumba la plantesheni ni makazi ya mwenye shamba kubwa la miwa, pamba, mpunga au tumbaku, shamba ambalo hadi 1865 lililimwa na watumwa. Picha za watalii huonyesha baraza pana na mialoni mikubwa. Picha hizo zinapotosha. Jumba lilikuwa sehemu moja tu ya mahali pa kazi, pamoja na vibanda vya watumwa, kinu na mashamba, na huwezi kulielewa ukiyaacha hayo nje.

Whitney, kando ya mto Mississippi, ni mfano mzuri. Mhamiaji wa Kijerumani, Ambroise Heidel, alianzisha shamba hilo mwaka 1752, na zao lake la kwanza lilikuwa nili, mmea unaotoa rangi ya bluu. Mwaka 1795 Étienne de Boré, mkulima wa karibu na New Orleans, alifaulu kupata sukari ya chenga kutokana na miwa ya Louisiana, na wakulima wengi wa eneo hilo wakageukia sukari. Ukoo wa Heidel, ambao sasa ulijiita Haydel, nao ukafuata. Sukari ilileta utajiri, tena ilileta mateso: miwa ikishakatwa haisubiri, kwa hiyo msimu wa kukamua watu walifanya kazi usiku na mchana, penye moto na masufuria yanayotokota. Azélie Haydel, mjane aliyeendesha shamba hilo, alipofariki mwaka 1860 watumwa walikuwa 101. Mwenye shamba akifa, watu hao waliorodheshwa na kutiwa bei pamoja na nyumbu na vyombo, kisha wakagawanywa kwa warithi.

Mwaka 1867, Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani vimekwisha, tajiri wa New York, Bradish Johnson, alilinunua na kulipa jina la mjukuu wake, Whitney. Wamiliki waliendelea kubadilika, na vibarua waliishi humo hadi 1975. Mwaka 1990 kampuni ya plastiki ya Formosa ililinunua ili ijenge kiwanda cha nyuzi za rayon, mpango uliopingwa vikali na kuachwa. Mwaka 1999 likaja mikononi mwa wakili John Cummings. Yeye, akisaidiwa na mwanahistoria Msenegali Ibrahima Seck, alilifungua mwaka 2014 kama makumbusho ya watumwa wenyewe, na majina ya zaidi ya 350 waliotumikishwa hapo yamechongwa kwenye ukuta. Mwaka 2019 alilikabidhi kwa shirika lisilo la faida.

Orodha hiyo ya wamiliki ni ya kweli, ila haitoshi. Anna, mtumwa wa jumba hilo, alizaa mtoto aliyeitwa Victor na mwanamume wa ukoo wa Haydel. Victor hakurithi hata pembe ya shamba. Miongoni mwa wazao wake ni Sybil Haydel Morial, ambaye mumewe, Ernest Morial, aliapishwa mwaka 1978 kuwa meya wa kwanza mweusi wa New Orleans.