Habeas corpus Marekani sio rufaa ya pili

Watu wengi wanadhani mtu akifungwa na korti ya jimbo kule Marekani anakimbilia tu korti ya shirikisho (ya serikali kuu) na habeas corpus, yaani ombi la kumtaka jaji achunguze kama kifungo chake ni halali, kesi inaanza upya. Wapi! Kwanza amalize rufaa za jimboni, halafu tangu sheria ya 1996 ana mwaka mmoja tu wa kupeleka ombi hilo, kwa kawaida unahesabiwa toka hukumu ikiwa ya mwisho, na hata akiwahi, kwa hoja ambazo jimbo lilishaziamua jaji wa shirikisho haulizi tu kama majaji wa jimbo walikosea, anauliza kama walikosea kupita kiasi, mfano kwenda kinyume na msimamo wa Mahakama ya Juu uliokuwa wazi tayari. Kosa la kubishaniwa? Unabaki ndani. Na lile lalamiko la polisi kupekua nyumba kimakosa, toka 1976 halisikilizwi korti ya shirikisho kwa habeas corpus kama jimbo lilishakupa nafasi ya kutosha kulisema.