Hapana, OT sio fizio ya pili: watu wanavyoidhania digrii ya tiba kwa vitendo na jinsi ilivyo kweli

Nimesoma tiba kwa vitendo miaka minne, wengine wanaiita tibakazi, hospitalini wanasema OT basi, kifupi cha occupational therapy, na toka nilipopata chuo mpaka leo nimerudi Dodoma nafanya kazi sijawahi kulitaja jina la kozi hii mtu akanielewa palepale. Matokeo ya kidato cha sita yakitoka tu vijana wa mtaani kwetu Nkuhungu wanaanza kuja na simu zao, dada tusaidie kuchagua kozi, nikiwatajia hii wananirudishia maneno waliyoyasikia kwa watu ambao nao hawajawahi kukutana na OT hata mmoja. Sasa nayaandika yote hapa, ili mdogo wangu ukija tuongee mengine.

Linaloongoza ni hili, "si ndo fizio hiyohiyo?", yaani tiba ya viungo. Sio. Tunafanya kazi bega kwa bega, wodi moja, mgonjwa mmoja, sehemu nyingi hata chumba ni kimoja, ndo maana watu wanachanganya. Fizio anashughulika zaidi na mwili wenyewe unavyojongea, nguvu ya misuli, maungio, kusimama, kutembea, kupumua. Sisi swali letu la kwanza kwa mgonjwa ni siku yako ilikuwaje kabla hujaumwa, ulikuwa unaamka unafanya nini, nani anakutegemea, na kipi katika hivyo kinakuuma zaidi kwamba huwezi tena. Hapo ndo tunapoanzia, halafu ndo tunarudi kwenye mkono, kwenye ubongo, kwenye nyumba anayoishi.

Nikupe mfano manake kwa maneno matupu haieleweki. Mwaka wa pili tulipewa kazi ya kuchambua shughuli moja ya nyumbani hatua kwa hatua, mi nikachagua kusonga ugali nikijua nitamaliza jioni moja. Ilinichukua wiki. Unawasha jiko, unapima maji kwa macho, unasikia yanaanza kuchemka, unamimina unga kwa mkono huu huku huu unakoroga, halafu unakuja mwiko wenyewe, bega linasukuma, kiwiko kinajikunja na kujikunjua, kifundo cha mkono kimekaza, vidole vimeshika kwa nguvu, mkono wa pili umeshikilia sufuria na kitambaa, na kama ni mafiga basi kuna mama zetu wanaibana sufuria kwa vijiti viwili wamevikanyaga kwa miguu, kwa hiyo mgongo na mizania ya mwili navyo viko kazini. Hapo bado hujagusa ubongo: kukumbuka kipi kinafuata, kutosahau moto, kuhisi mvuke unaunguza ukatoa mkono kwa wakati, kujua umeiva kwa harufu. Mwalimu alinirudishia mara mbili, kila mara kuna kitu nilikiruka.

Sasa mlete mama wa miaka 50 aliyepata kiharusi, upande wa kushoto hauna nguvu. Mkono wa kulia mzima kabisa, mwiko anauweza, ila sufuria inazunguka. Kinachomzuia ni kitu kimoja tu katika vile vyote nilivyovitaja, na ukikijua unamtengenezea kifremu cha mbao cha kubana sufuria, jiko linawekwa chini, anakaa kwenye kigoda mgongo umepata pa kuegemea, na ule mkono wa kushoto hauachwi ulale, unapewa kazi ndogo inayowezekana humohumo kwenye kupika. Au mlete mzee aliyewahi kuugua ukoma, na huku kwetu Hombolo tunalijua hilo, kwa miaka mingi kulikuwa na makazi yao. Ukoma unaharibu neva, ngozi haihisi, mtu anashika sufuria ya moto anakuja kujua baadae akiona lengelenge. Huyu nguvu anazo, tatizo lake ni kuhisi, kwa hiyo unamviringishia mpini, unamtafutia mwiko mrefu, unamfundisha kutumia macho pale ngozi iliposhindwa, na kila jioni akague mikono yake kidole kwa kidole. Ugali ni uleule, wagonjwa wawili, tiba mbili tofauti kabisa. Nilivyolielewa hilo sikutamani tena kubadilisha kozi.

La pili linaniumiza zaidi, kwamba OT ni kuwafumisha wagonjwa vikapu na kuwachezesha watoto, kuwapa watu shughuli wasisumbue. Vikapu vilikuwepo, sikatai. Taaluma hii ilipata chama chake cha kwanza Marekani mwezi Machi 1917, mji mdogo wa Clifton Springs, jimbo la New York, na kati ya waanzilishi alikuwepo George Barton, mbunifu wa majengo ambaye mwenyewe aliugua TB, akafanyiwa upasuaji wa mguu wa kushoto na upande huo ukapooza, akajirudisha kwa kufanya kazi za mikono na bustani. Alikuwepo pia daktari wa magonjwa ya akili, William Dunton, na Eleanor Clarke Slagle ambaye aliwafundisha wagonjwa wa akili kuipanga upya siku nzima, kuamka, kunawa, kula, kazi, mapumziko, kulala. Kikapu kilikuwa njia tu ya kufikia hapo.

Sisi wa Dodoma ilitakiwa tuwe wa kwanza kulielewa hili, hospitali ya magonjwa ya akili ya Mirembe iko hapahapa mjini. Ila mtaani jina la Mirembe limegeuzwa tusi, mtu akikasirika anamwambia mwenzie utapelekwa Mirembe, na watoto wanakua wanaamini ukishaugua akili umeisha. Mtu mwenye sonona kali au skizofrenia dawa anazihitaji, hilo halina mjadala, lakini dawa ikishatuliza dalili bado anabaki na siku tupu ya masaa 24, hajui aanzie wapi, ndugu wamezoea kumfanyia kila kitu. OT anaanza nae padogo. Leo tunamwagilia tuta moja la mchicha pamoja, wiki ijayo anaamua mwenyewe amwagilie saa ngapi, baadae anahesabu hela ya mafungu aliyouza. Kwa anayepita nje ya uzio ni bustani ya kawaida. Kwa anayejua anachokiangalia, hapo kuna umakini, kumbukumbu, kufanya maamuzi, kuvumilia kukaa na watu, vyote vinapimwa na kuandikwa kwenye faili.

Na watoto hivohivo. Ndio tunacheza nao, kwa sababu kwa mtoto mchezo ndo kazi yake, ndo anapojifunzia kushika, kusubiri zamu, kuongea. Lakini mtoto mwenye utindio wa ubongo kabla ya mchezo kuna kula. Nimeona akina mama wengi wanamlaza mtoto chali mapajani, kichwa kimeangukia nyuma, wanammiminia uji, na wanafanya hivo kwa upendo kabisa kwa kuwa hakuna aliyewaonyesha njia nyingine. Kichwa kikilala nyuma uji unaingia njia ya hewa kirahisi, mtoto anakohoa, anapata nimonia za kujirudia, watu wanasema ana kifua kibovu. Unamkalisha wima, nyonga zimekunjwa vizuri, kichwa kimeinama mbele kidogo, kijiko kinatokea mbele na chini sio juu. Kiti maalumu kinauzwa bei ambayo mama wa Chamwino hawezi, kwa hiyo tunajifunza kutengeneza kwa makaratasi, maboksi yaliyopangwa tabaka kwa tabaka kwa gundi ya uji wa unga mpaka yanakuwa magumu kama mbao, ufundi ulioanzia Zimbabwe. Cha kwanza nilikitengeneza mwenyewe na nakumbuka yule mtoto alivyokalia, aliangalia mbele, mama yake akaniambia sijawahi kumwona akiniangalia usawa wa macho.

Haya, "kozi ya waliokosa udaktari, nyepesi hiyo." Anayesema hivi hajakaa darasani. Kuna anatomia, fiziolojia, mfumo wa neva, biomekanika, saikolojia, magonjwa ya akili, makuzi ya mtoto, utafiti. Kuanzia kifundo cha mkono mpaka ncha za vidole peke yake kuna mifupa 27 na lazima ujue kila neva inapita wapi na ikikatika vidole vitakaaje. Kwenye splinti, kifaa cha kuushikilia mkono ukae mkao sahihi, ndo usiseme. Plastiki yake inalainika kwenye maji ya moto ya kama nyuzi 65 hadi 70, ukiitoa una dakika chache tu kabla haijakakamaa, unaifuta, unaipima joto kwako kwanza usimuunguze mgonjwa, halafu unaifinyanga kwenye mkono uliopata ajali ya boda au kuungua: kifundo kimeinuka nyuzi 20 hadi 30, maungio ya chini ya vidole yamejikunja 70 hadi 90, vidole vyenyewe vimenyooka. Ukikosea ukaufunga mkono vibaya wiki kadhaa, kano na ngozi zinajifupisha, mtu anapona kidonda ila mkono haufungi ngumi tena. Sasa nyepesi iko wapi hapo. Shirikisho la dunia la OT, lililoundwa 1952, linataka mwanafunzi awe na masaa yasiyopungua 1000 ya mafunzo kwa vitendo, yaani wodini, mashuleni, majumbani kwa watu, chini ya msimamizi.

Kuna wanaosikia neno kazi wakadhani tunatafutia watu ajira, au tunakagua viwanda kama OSHA, wale wa usalama mahali pa kazi. Sio. Kazi kwetu ni chochote kinachoijaza siku ya mtu, kuoga, kusali, kulea mjukuu, kupogoa zabibu. Dawa pia hatuandiki, na miguu bandia wanatengeneza wataalamu wengine wenye chuo chao, sisi tunakutana na mgonjwa akishavalishwa.

Dhana nyingine iko kwenye familia, na usipojiandaa nayo itakuvunja moyo fildi: mgonjwa apumzike, kumwacha ahangaike ni ukatili. Nikiwa mwaka wa nne tulimtembelea bibi mmoja upande wa Kikuyu hapahapa Dodoma, kiharusi miezi mitatu nyuma. Shikamoo bibi, marahaba wajukuu, mbukwenyi, tukakaa. Mjukuu anamlisha, anamvisha, anamchana nywele, kazi nzuri na ya heshima. Nikaomba bibi ajaribu kuvaa gauni mwenyewe, shangazi mtu akanijia juu, binti unataka kumdhalilisha mama yetu? Nilitetemeka. Msimamizi wangu akajibu kwa upole tu, shangazi mkono usipotumika ubongo unauacha, tupe nafasi kidogo. Tukamwonyesha, mkono dhaifu ndo unaanza kuingia kwenye nguo, mzima unafuata, na kuvua ni kinyume chake, unaanza na mzima. Ilichukua dakika 20 na bibi alikuwa anatoka jasho. Alipomaliza alidai na mtandio wake, akajifunga kwa mkono mmoja na meno, akasema sasa mnipeleke kanisani. Shangazi ndo alikuwa wa kwanza kulia.

Kuhusu ajira nakuambia ukweli mtupu. Watu wanasema hakuna ajira kabisa, wengine wanasema kozi mpya hiyo utagombaniwa, wote hawajakaa sawa. Wataalamu ni wachache nchini na uhitaji ni mkubwa, lakini uhitaji sio sawa na nafasi iliyotangazwa, hospitali nyingi hazijajua hata zikuweke wapi. Mimi sehemu ya kwanza nilipofika, siitaji, nilikaa wiki tatu napanga mafaili mapokezi kwa kuwa hakuna aliyejua nafanya nini, mpaka nilipoomba nipewe wagonjwa wawili tu wa kiharusi niwaonyeshe. Hospitali za rufaa, shule zenye vitengo vya watoto wenye mahitaji maalumu, mashirika ya watu wenye ulemavu, huko ndo penye nafasi, na utalazimika kujieleza sana mwanzoni.

Na wanaoichukua kwa hesabu ya kwenda nje: digrii yetu sio tiketi. Marekani kuingia kwenye fani hii kunataka masters au doctorate halafu mtihani wao wa taifa, Uingereza lazima baraza lao likusajili kwanza. Inawezekana, ila ni safari nyingine ya miaka na hela.

Njia ya kuingia: ukiwa na fizikia, kemia na baiolojia umekaa vizuri. Diploma imefundishwa miaka mingi hospitali ya KCMC Moshi, digrii ipo chuo kikuu cha Muhimbili, na mwenye diploma yenye GPA nzuri anaweza kuja kuendelea na digrii, kwa hiyo usikate tamaa kama pointi hazikutosha mwaka huu. Sifa na ada zinabadilika, soma kitabu cha TCU, tume ya vyuo vikuu, cha mwaka wako, usisome skrinshoti ya mwaka juzi iliyozunguka kwenye magrupu.

Kabla hujabonyeza kutuma maombi fanya kitu kimoja. Nenda hospitali ya karibu yako yenye kitengo cha utengemao (fizio, OT na wenzao), uliza kwa adabu kama wana OT na kama unaweza kukaa nae asubuhi moja. Beba daftari. Muangalie anavyomwangalia mgonjwa akifungua kifuniko cha chupa ya maji, halafu muulize ameona nini.